Unapoogopa kukamatwa kwa kosa kubwa: mwongozo wa dhamana kwa wakazi wa Tanga

Familia nyingi za Tanga zikisikia kwamba ndugu yao anatafutwa na polisi kwa kosa zito, wazo la kwanza ni kukimbilia mahakamani "kumwekea dhamana" kabla hajashikwa. Kwa Tanzania Bara dhamana ya namna hiyo haimo katika sheria. Kifungu cha 148 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kinamzungumzia mtu aliyekwisha kukamatwa au kuzuiliwa, au aliyefika au kuletwa mbele ya mahakama. Aliye nyumbani kwake Makorora akisubiri kugongewa mlango hana ombi la dhamana la kupeleka kwa hakimu.

Kwa hiyo yeyote anayekuuzia "karatasi ya dhamana ya mapema" kutoka mahakama ya Tanga anakuibia. Vishoka hukaa jirani na mahakama na vituo vya polisi, na bei yao hupanda kadiri kosa linavyotisha. Dhamana yenyewe, ya polisi na ya mahakama, haina ada. Fedha inayoweza kudaiwa kihalali ni amana iliyoamriwa na mahakama, nayo hulipwa kwa kumbukumbu rasmi na stakabadhi.

Hata hivyo siku zilizobaki kabla ya kukamatwa zina kazi kubwa. Mtu anayezitumia kujiandaa anaweza kutoka siku ileile au kesho yake, na anayezitumia kujificha anampa mwendesha mashtaka hoja ya kumweka gereza la Maweni kwa miezi. Namba za vifungu tunazotaja ni za Toleo la 2022. Toleo la Urekebu la 2023 lilianza kutumika Julai 2025 na baadhi ya namba zimesogea, kwa hiyo unapoandika barua au kiapo (maelezo ya maandishi unayoyaapia kuwa kweli) linganisha kwanza na toleo jipya.

Jua unatafutwa kwa lipi

Simu kutoka kwa mtu anayejitambulisha kuwa mpelelezi si samansi, lakini usiipuuze. Muulize jina, cheo, kituo, namba ya RB (kumbukumbu ya taarifa iliyofunguliwa polisi) au ya jalada, na kosa lenyewe. Andika majibu pamoja na tarehe, saa na namba iliyopiga. Kisha wakili, au ndugu mwenye utulivu, aende kituoni kuthibitisha. Matapeli wanajua kupiga simu za namna hii na kuomba "hela ya kufunga faili"; mpelelezi wa kweli atapatikana kituoni na jalada litakuwepo.

Jina la kosa ndilo linaloamua njia yote inayofuata, na majina yanayofanana masikioni yana matokeo tofauti kabisa. Unyang'anyi una dhamana, lakini unyang'anyi wa kutumia silaha hauna. Kuua bila kukusudia kuna dhamana, kuua kwa kukusudia hakuna. Chini ya kifungu cha 148(5), mahakama haiwezi kumpa dhamana mtu anayeshtakiwa kwa mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha au kunajisi; wala kwa ugaidi na utakatishaji wa fedha; na kwa biashara ya dawa za kulevya sheria yake maalumu inaweka viwango ambavyo vikivukwa mlango unafungwa. Ndiyo maana shtaka la utakatishaji likiongezwa kwenye kesi ya wizi, hali ya mshtakiwa hubadilika mara moja ingawa tukio ni lilelile.

Kipengele hicho kimepingwa mahakamani. Mei 2020, katika shauri la Dickson Sanga, Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 148(5) kinakiuka Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Kwa hiyo kipo na kinatumika. Kilichoondoka ni kifungu cha 148(4), kilichomwezesha Mkurugenzi wa Mashtaka kuzuia dhamana kwa cheti chake tu. Katika shauri la Jeremia Mtobesya, Mahakama Kuu ilikitangaza batili mwaka 2015, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2018.

Mambo yanayoharibu dhamana kabla haijaombwa

Kuvuka kwenda Pemba au Lunga Lunga, upande wa Kenya, ni kosa la kwanza. Zanzibar ina sheria yake ya mwenendo wa jinai, lakini polisi ni walewale wa Muungano. Kenya nayo ina utaratibu wa kurejesha watuhumiwa kwa nchi jirani, na hati ya kukamatwa iliyotolewa huku inaweza kuidhinishwa na hakimu wa kule. Unachopata kwa kukimbia ni sentensi moja kwenye kiapo cha mpelelezi: alipojua anatafutwa alitoroka. Sentensi hiyo itasomwa kila utakapoomba dhamana.

La pili ni kumfuata mlalamikaji. Kutuma wazee na bahasha "tuyamalize kifamilia" kutaandikwa kuwa ni kuvuruga ushahidi, na mara nyingi ndivyo kulivyo. Katika tuhuma za kumdhuru mtoto kimwili au kingono hatua hiyo inamwumiza mtoto mara ya pili, na hatuna ushauri mwingine wowote juu yake isipokuwa kutoifanya.

La tatu ni kufuta ujumbe wa simu. Ujumbe uliofutwa kwako upo kwa aliyetumiwa, na kumbukumbu za miamala zipo kwa kampuni ya simu. Kinachobaki kuthibitika ni kwamba ulifuta.

Barua ya kujitokeza

Hii ndiyo hati yenye thamani kubwa kuliko zote katika siku hizi, na wengi hawaiandiki. Wakili wako, au wewe mwenyewe ukikosa wakili, aandike kwa mkuu wa kituo kinachopeleleza, nakala kwa mkuu wa upelelezi wa mkoa na ofisi ya mashtaka ya mkoa. Ukurasa mmoja unatosha. Iseme:

– jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, mtaa, kata, namba ya simu;
– namba ya RB au jalada, na nani aliyekupigia, lini;
– kwamba utafika kituoni siku fulani, saa fulani, ukiwa na wakili au ndugu uliyemtaja;
– kwamba wadhamini wako wapo, majina yao na wanakokaa;
– ugonjwa au dawa unazotumia, kama zipo.

Usieleze tukio, usijitetee, usimtuhumu mtu. Maelezo yakitoka huku yatalinganishwa neno kwa neno na maelezo utakayotoa baadaye. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ibaki kwako. Nakala hiyo ndiyo utakayoiambatanisha mahakamani pale mwendesha mashtaka atakaposema wewe ni mtu wa kutoroka.

Wadhamini na karatasi zao

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na sababu karibu zote zinaweza kurekebishwa kama una siku mbili tatu mkononi. Tafuta wadhamini watatu hata kama unatarajia kuombwa wawili. Kila mmoja awe na kitambulisho cha NIDA na nakala yake, picha ndogo mbili, na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa au kijiji yenye picha iliyogongwa muhuri. Mahakama nyingine hutaka muhuri wa mtendaji wa kata juu ya ule wa mtaa, kwa hiyo pitia ofisi zote mbili. Mwajiriwa aongeze barua ya mwajiri na hati ya mshahara. Mfanyabiashara leseni na namba ya mlipakodi.

Karani analinganisha majina. Mdhamini anayeitwa Mwanahamisi kwenye NIDA na Mwanaamisi kwenye barua ya mtaa anarudishwa nyumbani, na mshtakiwa anarudi rumande hadi tarehe nyingine. Soma kila barua ukiwa bado ofisini kwa mtendaji, herufi kwa herufi, kabla muhuri haujakauka.

Kosa likihusu fedha au mali inayozidi shilingi milioni 10, kifungu cha 148(5)(e) kinadai amana: nusu ya thamani iwekwe kwa fedha taslimu au mali yenye thamani hiyo, na nusu nyingine ilindwe kwa bondi, yaani ahadi iliyosainiwa ya kulipa mshtakiwa akitoroka. Tuhuma ya shilingi milioni 40 inadai amana ya milioni 20. Washtakiwa wakiwa zaidi ya mmoja kiasi hicho hugawanywa kati yao. Mahakama ya Rufani ililisema hilo katika shauri la Silvester Hillu Dawi, na wapo wanaolisahau hadi wakumbushwe. Kwa washtakiwa wanne, kila mmoja ataweka milioni 5 na kusaini bondi ya milioni 5. Mwombe wakili alitaje shauri hilo mapema, kwa sababu familia nyingine huuza shamba kufikia kiasi ambacho sheria haikukidai kwao.

Amana inaweza kuwa hati ya nyumba au shamba. Nyumba nyingi za Ngamiani bado zina jina la babu aliyefariki, na hati yenye jina la marehemu haipokelewi mpaka kuwe na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama na warithi waliokubali kwa maandishi. Nyumba ya ndoa inahitaji ridhaa ya mwenza. Hati iliyowekwa rehani benki haifai kabisa. Lakini usiseme "hatuna hati" ukakata tamaa: sheria inaruhusu, pale hati isipokuwepo, ushahidi mwingine utakaoiridhisha mahakama kwamba mali ipo. Shamba la minazi Pangani lenye mkataba wa mauziano, barua ya kijiji, picha na taarifa ya mthamini linaweza kukubaliwa. Anza na mthamini, maana kazi yake ndiyo inayochukua muda.

Mdhamini naye aambiwe ukweli kabla hajakubali. Ukiruka dhamana, mahakama itamwita ajieleze kwa nini asilipe kiasi alichosaini, na asipolipa mali yake inaweza kukamatwa na mwenyewe kufungwa. Akiona unaanza kuyumba ana haki ya kurudi mahakamani na kuomba aondolewe.

Siku ya kujipeleka

Chagua Jumatatu au Jumanne, saa 2 asubuhi. Anayejipeleka Ijumaa alasiri ana hatari ya kulala ndani siku tatu, kwa sababu mahakama imefungwa na afisa mwenye jalada hayupo. Epuka pia siku za kuamkia sikukuu. Nenda na kitambulisho, dawa zenye maandishi ya hospitali na nakala ya barua yenye muhuri. Pasipoti iache kwa wakili. Usibebe fedha nyingi. Simu inaweza kuchukuliwa kama kielelezo, kwa hiyo namba muhimu ziandike kwenye karatasi. Wadhamini wawe karibu na kituo na karatasi zao zote, wasibaki nyumbani kusubiri kuitwa.

Kituoni una haki ya kuelezwa kosa unalokamatiwa, na ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Hakikisha muda wa kukamatwa umeandikwa, na ndugu yako aandike wake. Muda wa msingi wa kukuhoji ni saa 4 tangu kukamatwa. Unaweza kuongezwa kwa utaratibu, nyongeza isizidi saa 8, na muda wa safari ya kukupeleka mahali pa mahojiano hauhesabiwi. Maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoandikisha polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, yakichukuliwa nje ya muda huo hupingwa sana mahakamani, lakini hayawezi kupingwa kama hakuna aliyeandika saa.

Si lazima utoe maelezo. Ukitoa, soma kila ukurasa kabla ya kusaini, na palipokosewa paandikwe upya na kusainiwa pembeni. Usiyejua kusoma dai usomewe mbele ya ndugu au wakili.

Kisha omba dhamana ya polisi kwa maneno yanayosikika, na baadaye kwa barua. Chini ya kifungu cha 65, polisi wanapaswa kupima kama utafika mahakamani (makazi, kazi, familia, rekodi yako), mahitaji yako mwenyewe kama matibabu na nafasi ya kujiandaa kujitetea, na kama ukitoka utaingilia ushahidi, kutisha mashahidi au kukwamisha upelelezi. Jibu mambo hayo moja baada ya jingine, na karatasi zikiwa mezani. Ukikataliwa, omba sababu ziandikwe.

Katiba na sheria zinataka asiyeachiwa apelekwe mahakamani bila kuchelewa, na kifungu cha 32 kinaweka kipimo cha saa 24. Tuwe wakweli juu ya kifungu hicho: kinamwacha nje anayetuhumiwa kwa kosa la adhabu ya kifo, na kwa kosa linaloonekana zito mkuu wa kituo anaweza kukataa kumwachia, mradi amfikishe mahakamani mapema iwezekanavyo. Upenyo huo ndio unaotumika kuwashikilia watu siku kadhaa. Ndugu wanaoandika kila siku kuuliza, na kupata muhuri kwenye nakala, wanafanya upenyo huo uwe mdogo.

Mahakamani, na Mahakama Kuu

Hati ya mashtaka ikisomwa, sikiliza kifungu na thamani ya mali. Kwa uhujumu uchumi, thamani hiyo ndiyo inayoamua kama dhamana inaombwa mahakama ya chini au Mahakama Kuu. Thamani ikionekana imekuzwa, wakili aombe msingi wake uoneshwe. Masharti mawili huambatana na kila dhamana ya mahakama: kusalimisha pasipoti na kutotoka nje ya eneo litakalotajwa. Hakimu anaweza kuongeza kuripoti polisi kwa vipindi, na kutokanyaga mahali fulani au kutomkaribia mtu fulani. Ukiona huwezi kutimiza sharti, sema palepale. Kifungu cha 148(3) kinaipa Mahakama Kuu mamlaka ya kuagiza mtu apewe dhamana au masharti ya mahakama ya chini au ya polisi yapunguzwe, na kwa mkoa huu ombi linakwenda Kanda ya Tanga.

Mtu akishikiliwa bila kufikishwa popote, dawa yake ni ombi la kumfikisha mbele ya jaji chini ya kifungu cha 390. Linafunguliwa kwa hati ya wito na kiapo, kupitia mfumo wa kielektroniki wa Mahakama, na linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Ndugu anaweza kuapa pale aliyeshikiliwa asipoweza kufikiwa. Kiapo kieleze alikamatwa lini, wapi, na nani, kituo gani kimeulizwa na majibu yaliyotolewa, na kiambatanishwe na barua zote zenye muhuri.

Viapo vingi hufa kwa kasoro ndogo. Aya inayosema "nimeambiwa" bila kumtaja aliyekuambia hufutwa. Hoja za kisheria na maombi havikai ndani ya kiapo. Sehemu ya uthibitisho itenganishe unayoyajua mwenyewe na uliyoyasikia, aya kwa aya. Pale anaposaini kamishna wa viapo lazima pawe na mahali na tarehe. Pasipokuwa navyo, jaji hatafika kwenye kisa chenyewe.

Kwa mtuhumiwa wa mauaji au unyang'anyi wa kutumia silaha, ombi hili ndilo lililobaki. Haliwezi kumpa dhamana, lakini linalazimisha afikishwe mahakamani na kuwekwa mahali panapojulikana. Kwa familia ambayo haijui kijana wao yuko kituo gani, hilo ni jambo kubwa.

Mahali ambapo dhamana kabla ya kukamatwa ipo

Wafanyabiashara wa Tanga na familia za Kidigo zilizo pande zote mbili za mpaka wa Horohoro hukutana na mfumo mwingine wakiingia Kenya. Huko Mahakama Kuu hutoa dhamana ya kutarajia kukamatwa. Sheria ya Bunge haikuiandika. Imetokana na mamlaka ya mahakama ya kulinda haki za Katiba, na uamuzi unaotajwa sana ni wa W'Njuguna wa mwaka 2004, uliosema dhamana hiyo hutolewa pale ambapo chombo cha dola kinakiuka vibaya haki ambazo kinapaswa kuzilinda. Baada ya Katiba ya 2010, ibara ya 49 ilifanya hata mauaji yawe na dhamana, isipokuwa pakiwa na sababu za lazima za kuinyima.

India imeiandika wazi tangu Kanuni ya Mwenendo ya 1973, kifungu cha 438, ambacho tangu Julai 2024 ni cha 482 cha sheria mpya. Majaji watano wa Mahakama ya Juu, katika shauri la Gurbaksh Singh Sibbia la 1980, walikataa kuifungia kwenye "kesi za kipekee" tu. Lakini walisisitiza kwamba hofu iwe na msingi, na kwamba amri isiwe blanketi la kumfunika mtu kwa kosa lolote.

Basi mahakama yenye mamlaka hayo imkubalie nani, tuhuma ikiwa nzito? Kwa maoni yetu, uzito wa kosa peke yake haujibu swali. Mtu aliyesingiziwa unyang'anyi anahitaji ulinzi kuliko aliyesingiziwa matusi, kwa kuwa gharama ya kukaa ndani ni kubwa mno. Swali la kwanza ni kama kuna kitu ambacho upelelezi hauwezi kukipata bila kumshika mtu huyu. Anayetuhumiwa kwa nyaraka ambazo tayari ziko mikononi mwa polisi, na ambaye amefika kila alipoitwa, hakuna kitakachopotea akihojiwa akitokea nyumbani. Bunduki ikiwa haijapatikana, au wenzake wakiwa bado mtaani na mashahidi wameanza kutishwa, ombi likataliwe.

Swali la pili ni nani ataumia. Mtoto anayedai kudhuriwa akiwa anaishi nyumba moja na mtuhumiwa, au jirani naye, usalama wake uje kwanza. Sharti la "asimkaribie" halitoshi, kwa sababu nyumba hiyo ina watu wazima wengine wanaoweza kumnyamazisha.

La tatu ni asili ya malalamiko. Sheria ya India ilitaja waziwazi tuhuma inayotolewa kwa lengo la kumdhuru au kumdhalilisha mwombaji kwa kumkamatisha. Hapa pwani alama yake huonekana kwenye tarehe: baraza la ardhi limetoa uamuzi wa shamba mwezi huu, na wiki inayofuata aliyeshindwa anafungua RB ya unyang'anyi dhidi ya aliyeshinda, kwa tukio la mwaka jana. Weka nyaraka hizo mbili sambamba katika kiapo, bila kelele, jaji azione mwenyewe. Tarehe hazithibitishi uongo, lakini zinatosha kuuliza kwa nini akamatwe kwanza ndipo apelelezwe.

Hofu yenyewe ithibitishwe. Uvumi wa kijiweni hautoshi. Samansi, kumbukumbu ya simu, barua zisizojibiwa na askari waliofika nyumbani mara kadhaa bila hati ni ushahidi. Barua ya kujitokeza inasaidia hapa pia, maana anayejificha huku akiomba ulinzi wa mahakama hufika akiwa ameshajidhoofisha.

Kwa utaratibu wa Kenya, wakili wa huko hufungua notisi ya maombi yenye cheti cha dharura na kiapo, akiwajumuisha Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma na polisi wahusika. Amri ya muda ikitoka huwa fupi, inataja tuhuma mahsusi, na humtaka mwombaji aende kwa mpelelezi siku na saa iliyotajwa. Haisimamishi upelelezi wala mashtaka. Asiyekwenda siku hiyo amri yake huondolewa. Beba nakala iliyothibitishwa na mahakama, maana askari wa kizuizi cha barabara ya Lunga Lunga hataamini picha ya simu.

Amri hiyo inaishia mpakani. Ukivuka Horohoro kurudi Tanga haina nguvu yoyote, na tuhuma ya huku hushughulikiwa kwa hatua tulizoeleza juu. Na aliyepewa dhamana Tanga, akiwa na biashara Mombasa, asivuke kwa kuwa tu hakuna aliyemwuliza pasipoti. Aombe ruhusa kwa mahakama iliyompa dhamana, kabla ya safari, ombi likitaja tarehe ya kuondoka na ya kurudi, sababu, na nakala ya kithibitisho kama miadi ya hospitali au mkataba wa mzigo. Wadhamini waarifiwe kwa maandishi. Akirudi, pasipoti irejeshwe kwa karani siku iliyoamriwa, na aombe stakabadhi ya kuirejesha.